Ili Iwe Nini? Miaka Yangu ya Ukalimani Mahakamani

Nyie vijana mnaojifunza Kiingereza siku hizi mna raha yenu. Juzi mjukuu wangu alitoka Kinondoni kuja kunisalimia, akatandaza mezani karatasi kubwa aliyopewa na mwalimu wake. Maneno ya sababu yamepakwa rangi nyekundu: because, since, as. Ya matokeo ni ya kijani, so na therefore, na ya kusudi, so that na in order to, yana rangi ya buluu. Akanikariria yote bila kukwama, nami nikampigia makofi. Kisha nikamwuliza, kwa Kiingereza, kwa nini jana yake hakuja kama alivyoahidi. Basi akaanza: jana asubuhi mama aliamka na homa, mara shangazi akaja na mtoto, mtoto akamwaga maziwa, tukawa tunafuta sakafu... Because yake ikabaki palepale kwenye karatasi na wekundu wake.

Sikumcheka kwa ubaya. Hadithi ya namna hiyo nimeisikia maisha yangu yote, na kuisikia huko ndiko kulikonilisha mimi na watoto wangu. Nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Dar es Salaam enzi za Mwingereza. Hakimu alikuwa Mzungu, mshitakiwa mtu wa Temeke au Kinondoni, na katikati yao nimesimama mimi, mtoto wa Masasi niliyefundishwa Kiingereza na wamisheni, kaptula imepigwa pasi, mkononi nimeshika kofia yangu ya pama niliyoipenda kuliko inavyomfaa Mkristo. Siku hizi kesi nyingi zinasemwa kwa Kiswahili, kazi yangu imekufa, na wala sina kinyongo. Ila kuna mambo niliyoyaona pale ambayo hayamo kwenye karatasi ya rangi.

Chukueni kesi ya taa ya baiskeli. Mzee mmoja wa Kinondoni alikamatwa akiendesha jioni bila taa. Hakimu akauliza neno moja tu: "Why?" Nikamgeukia mzee: "Kwa nini hukuwa na taa?" Mzee akashusha pumzi, akaanza na harusi ya mpwa wake kule Ubungo. Akaeleza mchele ulivyopatikana, nani alinuna kwa kutoalikwa, na mvua ilivyowakuta njiani. Hakimu akatazama saa ya ukutani. Mzee hana habari. Akafika kwa jirani aliyeshikwa na uchungu, mkunga akaja mbio hana cha kumulikia, mtoto akazaliwa salama, wa kiume, akapewa jina Ramadhani. Nikamwuliza: "Mkunga alimulika na nini?" Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linatoka wapi. "Na taa yangu, bwana! Si ndiyo nakwambia?"

Kwa kesi ndogo kama hizo hakimu mwenyewe alikuwa ameniruhusu kufupisha. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mzee hakuwa na taa because alimwazima mkunga. Sentensi moja. Hakimu akatabasamu, akamwachia kwa onyo. Tulipotoka nje mzee akanishika mkono, hana furaha hata kidogo. "Mbona umemwambia kidogo hivyo? Na harusi je, umemwambia?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi yangu. Mwingereza sababu anaiweka mlangoni, ukibisha hodi tu unakutana nayo. Sisi tunaiweka chumba cha ndani, na msikilizaji sharti apite sebuleni kwanza, aulizwe hali, akae. Hakuna aliye mjinga kati ya hao wawili. Ila mkalimani ndiye anayetumwa kwenda kuileta sababu kutoka chumba cha ndani, na akiingia papara anavunja vyombo vya watu.

Aliyenifundisha kuingia taratibu ni Mzee Sefu, mkalimani mkuu, mtu wa Tanga, mnusaji ugoro asiye na haraka duniani. Wakati huo hatukuwa na karatasi za rangi. Jumamosi alinichukua mpaka sokoni Temeke, tukasimama karibu na watu wanaogombana, wauza samaki hasa. Ugomvi ukishakwisha ananiuliza: "Stefano, kwa nini walianza? Ikawaje? Na huyu wa pili alimwaga maji ili iwe nini?" Nikishindwa ananirudisha nikasikilize ugomvi mwingine, na pale sokoni haikuwa kazi kuupata. Alikuwa na amri zake mbili. Ya kwanza, ukikosa jibu kwenye "kwa nini", usirudi mikono mitupu, jaribu "ili iwe nini". Ya pili aliisema huku amenikazia macho: "Usimpe mtu sababu asiyoisema."

Amri hiyo ya pili mwenzangu Ambrosi aliijua baada ya moto kuwaka. Ambrosi alikuwa kijana wa Bukoba, Kiingereza chake kizuri kuliko changu, na jambo hilo alilijua. Siku hiyo ilikuwa kesi ya ua. Mama mmoja wa Chang'ombe alimshitaki jirani yake kwa kuvunja ua wa makuti. Akawa anaeleza mambo kwa mpangilio wake: "Akavunja ua, akapita uani kwangu, kuku wangu akafa, mie nikaenda kwa jumbe wa mtaa." Ambrosi akafasiri kwamba jirani alipita uani so kuku akafa. Hakimu akaweka kalamu chini. Akataka kujua mtu anamwuaje kuku kwa kupita tu. Ambrosi akalipeleka swali kwa yule mama. Sasa yule mama, maskini ya Mungu, alikuwa ametaja tu vitu vilivyofuatana siku ile, hakuwa na wazo lolote. Lakini swali limetoka kwa hakimu, na hakimu amesoma. Macho yakamtoka. "Ehe! Kumbe ndiyo maana!"

Jamani! Kesi ya ua ikageuka kesi ya uchawi mpaka adhuhuri. Jirani akaapa kwa Mungu, mama akakumbuka na mbuzi aliyekufa zamani, wasikilizaji wakaanza kusogea mbali na jirani. Mzee Sefu alijifunika leso usoni, mabega yanatikisika. Ile so moja ya Ambrosi iliwanyima majirani wawili salamu kwa muda mrefu. Kwa hiyo wajukuu zangu, neno dogo kama hilo mlishike kwa adabu.

Mimi nilikuwa nafanya mazoezi nyumbani. Tulikaa Temeke, vyumba viwili na jiko la uani, na jioni nilikuwa natembea uani huku na huku nikijisemea Kiingereza kwa sauti. Nilimpa paka sababu, nikampa matokeo, nikampa na kusudi. Mke wangu, Agnesi, alinivumilia mpaka chakula kiive. Kikiiva anagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko na kupaza sauti mtaa mzima usikie: "Stefano, njoo ule! Kiingereza hakipoi!" Majirani wakacheka, watoto wao wakalidaka, ikawa kila nikipita wananipigia kelele: "Kiingereza hakipoi!" Nilijifanya nimekasirika. Ukweli nilikuwa naifurahia sauti ile.

Sasa niwasimulie kesi ya Mihayo, maana hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba so that ni nzito kuliko because.

Mihayo alikuwa Mnyamwezi, fundi kwenye karakana moja ya Chang'ombe, mtu wa maneno mengi na miguu mirefu. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, na mtani nyinyi vijana mnamjua kwa matusi ya mzaha tu. Zamani mtani alikuwa na kazi yake, na kazi yenyewe hasa ilikuwa msibani. Mzaramo akifa, mtani wake Mnyamwezi anafika na vituko. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza anavyotembea, analala kwenye kitanda chake, anabeba kitu chake na kudai akombolewe kwa kuku au chochote. Hakuna wa kumkasirikia. Akikosekana ndipo watu wanakasirika.

Basi akafariki Mzaramo mmoja wa Temeke, Shomari. Mihayo akaja msibani. Akaingia ndani akatoka amevaa koti la marehemu, juu yake amejifunga kanga, akapanda baiskeli ya marehemu na kuondoka nayo mbio kuelekea Chang'ombe. Wanaume wote wa msiba wakainuka kumkimbiza, wanapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!", na wengine hawawezi hata kukimbia vizuri kwa kicheko.

Kwa bahati mbaya inspekta mmoja wa polisi, Mzungu mgeni hata jua lilikuwa halijamchoma sawasawa, alikuwa anapita na gari. Akaona mtu amevaa koti na kanga, yuko juu ya baiskeli, anafukuzwa na umati unaoita mwizi. Mngemlaumu? Akafunga breki, akamkamata Mihayo. Na Mihayo, mchezo ukiwa bado umempanda kichwani, akamwambia inspekta: "Bwana, baiskeli ukiitaka, leta kuku."

Inspekta alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuelewa neno kuku. Kwa hiyo mashitaka yakawa mawili: kuiba baiskeli, na kutaka rushwa ya kuku.

Mzaha ukaishia hapo. Mihayo aliwekwa mahabusu. Bwana mkubwa wa karakana akatuma neno kwamba akifungwa hata siku moja, kazi hana. Na akikosa kazi, nyumba ya karakana nayo hana, itabidi mke na watoto wapande treni warudi Tabora kwa nauli ya kuombaomba. Siku ya kesi nilimkuta mkewe amekaa kwenye baraza ya mahakama, mtoto mgongoni, hasemi na mtu. Nilipita mbele yake nikaona aibu, sijui kwa nini.

Mzee Sefu siku hiyo alikuwa anaumwa. Nikasimama peke yangu.

Inspekta akatoa ushahidi wake, mfupi na safi, sababu zote mlangoni. Kisha akaitwa shahidi wa pili, kaka wa marehemu, Mzee Kondo, mwenye kofia ya kitambaa na ndevu nyeupe. Mjane mwenyewe, Bi Mwanahawa, alikuwa kwenye eda, hawezi kutoka. Nikajua shauri lote liko kwenye mdomo wa mzee huyu, nikamshukuru Mungu kwamba ni mwenye msiba na atasema kweli.

Hakimu akauliza: "Unamjua mshitakiwa?"

"Namjua sana," akasema Mzee Kondo. "Mwizi huyu."

Mkalimani haongezi wala hapunguzi, nikafasiri. Inspekta akakaa wima.

"Na babaake mwizi," akaendelea Mzee Kondo, uso mkavu kabisa. "Na babu yake. Walikuja huku wamebeba pembe, wakarudi kwao wamebeba kuku zetu. Mfungeni huyo, mumpe na kazi ya kuchimba choo, ndiyo anayoiweza!"

Mihayo kule kizimbani akashindwa kujizuia. "Wewe mzee huna meno, nani kakuita? Rudi ukaloweke mkate wako!"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akagonga meza. Mimi nafasiri kila neno, jasho linanitiririka, na kila neno ninalolitoa linamsogeza Mihayo jela. Nao wawili wale wanaonana kwa macho ya kupendana! Mzee Kondo alikuwa anamtetea, mnaelewa? Kwake yeye, kumtukana mtani mbele za watu ndiko kusema "huyu ni wetu". Angemsifu, wenyeji wote wangejua wamekosana. Lakini hakimu hakuwa na namna ya kulijua hilo. Akauliza: alichukua baiskeli? Aliichukua. Ulimruhusu? "Mtani haombi ruhusa!" Hakimu akashika kalamu.

Nikaomba ruhusa ya kusema, jambo ambalo mkalimani hulifanya mara chache sana. Nikamwambia hakimu: "Mheshimiwa, shahidi amejibu, lakini bado hajatoa because yake. Naomba nimwulize." Akanitazama kidogo, akasema niulize.

"Mzee, kwa nini Mihayo aliichukua baiskeli?"

"Kwa sababu ni mtani."

Nikafasiri nilivyoweza, kwamba ni ndugu wa mzaha. Hakimu akatikisa kichwa. Kwake mzaha haukuwa sababu, na mali ni mali. Nikaona mlango wa kwanza umefungwa, na huko nje nikasikia mtoto wa Mihayo analia. Nikamkumbuka Mzee Sefu pale sokoni kwenye harufu ya samaki.

"Mzee Kondo," nikasema, "aliichukua ili iwe nini?"

Mzee akafungua mdomo kujibu kwa mzaha, kisha akaufunga. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Bwana mkalimani, mwambie hivi. Tangu ndugu yangu atolewe ndani, shemeji yangu alikuwa hajatia kitu kinywani. Halii, hasemi. Kakaa kakodoa macho tu. Wanawake wamembembeleza, wapi! Sie wanaume tuko nje, tumeinamisha vichwa. Ndipo akatoka huyu, kavaa koti la Shomari, anachechemea kama Shomari. Akasimama mlangoni akaita kama alivyokuwa akiita yeye: 'Mwanahawa, chai yangu iko wapi?' Shemeji akamtazama. Akacheka. Akacheka, ndipo akalia, akalia sana. Kisha akaomba uji."

Nikafasiri.

"Na baiskeli?" akauliza hakimu.

"Koti alilivaa ili shemeji ale, baiskeli akaichukua ili tumkimbize, tuinuke. Tulikuwa tumekufa pale tulipokaa. Akatuinua."

Nikaigeuza ile "ili" kuwa so that, na nilihakikisha hakimu ameisikia. Aliichukua so that wenye msiba wainuke. Alivaa koti so that mjane ale. Hakimu aliandika, akaacha. Kisha akauliza swali moja tu: "Alikula?"

"Bakuli zima," akasema Mzee Kondo.

Mashitaka yakafutwa. Hakimu akaamuru baiskeli irudishwe kwa wenyewe. Mzee Kondo akanyanyua mkono kuuliza kuku atatolewa na nani sasa, serikali au wao, maana mtani hajakombolewa. Hakimu akasema mahakama haina mamlaka juu ya kuku huyo. Hata inspekta alicheka, nami tangu siku hiyo nikampenda.

Nje barazani Mihayo alimkumbatia mkewe, akamtukana Mzee Kondo kwa furaha, kisha akanijia mimi. Nikajiandaa kupokea shukrani. Akanivua kofia yangu ya pama, akaivaa.

"Umenisimamisha asubuhi nzima kwa maneno marefu," akasema. "Tangu leo wewe mtani wangu. Kofia ukiitaka, leta kuku."

"Mie mtu wa Masasi!" nikamwambia. "Utani wetu umeanzia wapi?"

"Umeanzia hapa."

Mimi nina roho ngumu kwenye mambo ya kuku. Nilikataa. Miaka ikaenda, Uhuru ukaja, mahakama zikaanza kusema Kiswahili, na kila nilipopita Chang'ombe niliiona kofia yangu juu ya kichwa cha Mnyamwezi yule. "Mwizi!" namwita. "Leta kuku!" anajibu. Mara nyingine alikuja kumdai mpaka uani kwetu, na Agnesi akampakulia chakula. Agnesi alikuwa anasema nimpelekee tu yaishe, nami nikawa mbishi.

Kisha Agnesi akafariki. Hapo sina maneno mengi. Nyumba ilijaa watu, wanangu walikuwapo wote, sahani nililetewa, zikaondolewa zimejaa vilevile. Niliwaambia sina njaa. Sikuwa nasema uongo, sikusikia kitu chochote, njaa wala uchungu.

Nimekaa hivyo, nikasikia uani mwiko unagonga mfuniko wa sufuria. Ngo, ngo, ngo. Na sauti nyembamba ya kuigiza ikapaa mtaa mzima:

"Stefano, njoo ule! Kiingereza hakipoi!"

Nikatoka. Mihayo, mzee sasa, mvi tupu, kasimama jikoni kwa mke wangu amejifunga kanga za mke wangu, mkono kiunoni kama yeye, na kichwani ana kofia yangu. Watu wote wananitazama mimi. Nikacheka. Nikacheka mpaka nikashika nguzo, kisha kile kilichokuwa kimekwama kifuani kikatoka nacho, nikalia kama mtoto, na Mihayo akanishika nisidondoke.

Miaka yote ile nilijiona naijua so that. Niliifasiri vizuri mahakamani, watu wakanisifu. Siku hiyo ndipo nilipoielewa.

Akanipakulia ugali na mchuzi wa samaki. Nikala, nikaongeza.

Kesho yake nikampelekea kuku. Alimla, na kofia hakurudisha.